Tupime mapango yetu, sururu zibaki nje

Uingereza kuna watu ambao wakitoka kazini jioni hawaendi kwao. Wanavaa ovaroli zilizokakamaa kwa tope, wanafunga taa kichwani, wanaingia chini ya ardhi kujaza ndoo udongo na kupokezana mkono kwa mkono hadi panapopatikana nafasi ya kumwaga. Hawalipwi hata senti. Kamba, sururu na vyuma vya kuzuia mawe yasiwaangukie, wananunua wenyewe. Wanachotafuta ni njia. Pango limeziba, lakini ukipeleka uso kwenye mwanya baina ya mawe unapigwa na upepo, na upepo hautoki ukutani. Basi wanachimba mwaka huu na mwaka ujao, na wakizeeka wanawaachia vijana.

Nawahusudu watu hawa, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyekula miaka kadhaa kwa kushika utepe nyuma ya saveya wa mashamba hapa Malindi. Lakini siku hizi nawasikia vijana wetu wa utalii wakisema na sisi tuanzishe kundi kama hilo, tuyazibue mapango ya upande wa Watamu na Gede na yale ya vilima vya Dzitsoni, tuone yanafika wapi. Hapo ndipo tunapoachana. Kazi ya wale wazungu ni mbili, kuchimba na kupima. Ya kupima tunaihitaji, tena jana. Ya kuchimba tusiiguse.

Hadithi zao zikisimuliwa huwa ni za sururu, maana sururu ndiyo yenye vishindo. Ukizichunguza vizuri utakuta ramani ndiyo iliyokuwa inaongoza. Chukua mfumo wanaouita Three Counties, pale kaunti za Lancashire, Cumbria na North Yorkshire zinapopakana. Mwaka 1968 mpenda mapango mmoja, Dave Brook, alitoa hoja kwamba mapango ya kaunti zote tatu yanaweza kuungana yakawa mfumo mmoja. Viungo vya mwisho vilikamilika mwaka 2011. Miaka 43! Leo ndio mfumo mrefu kuliko yote Uingereza, zaidi ya kilomita 80 za njia. Sasa jiulize, katika mlima mzima uliojaa mashimo, mtu anajuaje achimbe ukuta upi? Unachukua ramani ya pango hili na ya pango lile, unazilaza pamoja, unaona vichochoro viwili vinaelekeana na kati yake pamebaki mita chache. Bila vipimo ungechimba hadi kiyama.

Kentucky kule Marekani ni vivyo hivyo. Pango la Mammoth, refu kuliko yote duniani, lina zaidi ya kilomita 680 zilizopimwa, na sehemu kubwa ya vipimo hivyo ni jasho la watu wa kujitolea. Mwaka 1972 kundi lao lilipita chini ya bonde likaunganisha mapango ya Flint Ridge na Mammoth. Ndani yake alikuwemo Patricia Crowther, mwanamke mwembamba aliyepenya mahali ambapo wenzake walikwama, na huyo huyo ndiye aliyekuwa akiingiza vipimo kwenye kompyuta. Zaidi ya karne moja kabla yao, mwaka 1842, Stephen Bishop aliichora ramani ya Mammoth kutoka kichwani mwake. Bishop alikuwa mtumwa, akiongoza watalii kwa faida ya bwana wake. Ramani ilichapishwa mwaka 1844 na ikatumika kwa miaka mingi. Uhuru aliupata 1856, akafa mwaka uliofuata. Sisi wa pwani hii, tunaopeleka wageni kuangalia pango la Shimoni na kuwaeleza habari za minyororo, tulipaswa kumjua Bishop zamani.

Kupima pango kwenyewe si uchawi. Watu watatu wanatosha. Wa mbele anachagua kituo, ncha ya jiwe inayoonekana huku na huku, anaweka kidole. Wa pili anasoma mambo matatu: umbali, mwelekeo wa dira, na mwinamo wa kupanda au kushuka. Wa tatu ana daftari lisilolowa. Kila namba anairudia kwa sauti kabla ya kuiandika, kisha anachora: ukuta wa kushoto mita ngapi, wa kulia ngapi, dari wapi, sakafu wapi, wapi pana maji, wapi pana popo. Siku hizi kuna kifaa cha leza cha kutosha kiganjani, DistoX, alichokibuni Mswisi aitwaye Beat Heeb. Unabonyeza mara moja, namba zote tatu zinakuja. Programu za kuchorea, Survex na Therion, ni za bure. Asiye na leza atumie utepe na dira ya kawaida. Ramani nzuri kabla ya leza zote zilitoka huko.

Kinachotakiwa ni uangalifu, na hapa nazungumza kwa uchungu wa kazi. Dira ikikosea digrii moja tu, baada ya mita 100 umeshaenda kando kama mita 1.75. Na dira haihitaji sababu kubwa ya kukosea. Betri ya taa ya kichwani inatosha, kisu mfukoni kinatosha, fremu ya chuma ya miwani inatosha. Aliyewahi kupima shamba anajua habari ya kufunga: unaanza kwenye bikoni, unazunguka mipaka, unarudi bikoni ile ile, na namba zikigoma kukutana kuna mtu alisoma vibaya au alikuwa anachati. Pango lenye vichochoro vinavyozunguka na kurudiana hufungwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba shambani unarudia kazi ukiwa umesimama, pangoni unarudia ukiwa umelala kwa tumbo.

Sasa kwa nini nakataa sururu? Kwa sababu ya Panga ya Saidi.

Pango hilo liko katika kaunti yetu hii ya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini. Watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba pale mwaka 2010. Kuchimba kwao ni kwa mwiko mdogo na brashi, udongo unachekechwa, kila tabaka linaandikwa. Mwaka 2013 waliona vipande vya mifupa. Hadi 2017 ndipo walipolifunua shimo lenyewe, mita 3 hivi chini ya sakafu ya leo. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kumomonyoka ikiguswa. Hawakuing'oa. Waliufunika udongo wote kwa plasta, wakaubeba kama ulivyo hadi Nairobi, kisha ukapelekwa Burgos, Hispania, kwenye maabara. Ndani alikuwemo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na namna kichwa kilivyoinama inaonyesha alikuwa amewekewa kitu cha kumwegemeza, kama mto. Amelala pale miaka 78,000. Habari zilitangazwa mwaka 2021: ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu lililopatikana Afrika. Wakamwita Mtoto.

Hebu weka mahali pale vijana kumi wenye nia njema na ndoo. Jumamosi moja ingetosha. Mtoto angemwagwa nje ya mlango pamoja na kifusi, na hakuna ambaye angejua.

Najua nitajibiwa kwamba Uingereza wamechimba na hawakuharibu kitu. Tope lao kwa sehemu kubwa ni mchanga na changarawe zilizoletwa na barafu ya kale, na hata hivyo mifupa imo. Pango la Victoria karibu na mji wa Settle lilitoa mifupa ya kiboko, kifaru na fisi. Viboko Yorkshire! Na wachimbaji wenyewe hawakubaliani kila mara. Kule Wales kuna Ogof Draenen, lililofunguliwa kwa kuchimba mwaka 1994 na sasa lina makumi ya kilomita; wenyewe kwa wenyewe walizozana miaka mingi kama mlango wa pili ufunguliwe au la. Kwetu sheria iko wazi: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayechimba mambo ya kale awe na leseni. Kwa hiyo kijana akihisi upepo nyuma ya mawe, achore mshale kwenye ramani, aandike "upepo", apite.

Halafu kuna wenyewe. Mapango mengi ya huku ni mizimu, na Panga ya Saidi yenyewe bado watu huenda kuomba. Utakuta chupa ya marashi, kitambaa, majivu ya ubani. Nilipata kumuuliza mzee mmoja wa Kigiriama, "Baba, tukija kupima tu, bila kuchimba, itakuwa vibaya?" Akanitazama viatu kwanza. "Mwanangu, kuangalia hakujawahi kumuudhi mtu. Vueni viatu, semeni mmekuja kufanya nini, na mkitoka mtoke na mlichoingia nacho." Sijasikia kanuni ya uhifadhi wa mapango iliyosemwa kwa ufupi kuliko hiyo.

Popo nao wana haki yao. Hao walao matunda ndio wanaochavusha maua ya mibuyu usiku, na ukiwafukuza kwa moshi na kelele hawarudi kesho. Tena pango lenye popo si mahali pa kuingia kichwa kichwa. Vumbi la samadi yao linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, hewa ya ndani huweza kuwa nzito, na tusisahau pango la Kitum, Mlima Elgon, ambalo wagonjwa wawili wa Marburg, homa kali ya virusi, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea kabla ya kuugua. Barakoa, helmeti, taa tatu kila mtu, na mmoja abaki nje akijua saa ya kurudi kwenu. Mahali penye popo wengi pasipimwe kabla ya kuwauliza wataalamu wao.

Kwa nini basi tujisumbue kupima? Kwa sababu chokaa hii tunayoikalia inaliwa kutoka juu. Mawe ya nyumba zetu yanatoka kwenye matimbo, na saruji pia ni chokaa. Timbo likitoboa pango, mwenye timbo hasimami. Anasukuma kifusi ndani, anaendelea. Pango lisilokuwa kwenye ramani yoyote halina wa kulitetea kwenye mkutano wa chifu wala mbele ya wakaguzi wa mazingira. Utasema nini? "Pale chini kuna pango"? Wapi? Refu kiasi gani? Linapita chini ya shamba la nani?

Na maji. Kuna kiwanja kimoja nilifanya kazi, mafundi wakichimba shimo la choo wakatokea kwenye uwazi. Fundi alifurahi, akampongeza mwenye nyumba, "Hongera mzee, shimo hili halijai milele." Kweli halikujaa. Yaliyomwagwa mle yalikwenda yalikokwenda, na jirani wa chini alikuwa anateka kisima. Matumbawe hayachuji maji kama mchanga unavyochuja. Maji yanapita kwenye nyufa na vichochoro mbio mbio, na maji baridi tuliyo nayo ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Anayejenga nyumba ya wageni ya vyumba ishirini juu ya jiwe tupu angetakiwa aonyeshwe ramani ya kilicho chini yake kabla ya kupewa kibali. Ramani hiyo haipo kwa sababu hakuna aliyeingia na utepe.

Pingamizi moja naliheshimu: ramani ikitoka, waharibifu nao wataisoma. Leo mtu anaiweka mtandaoni, kesho kuna mwenye gunia anachota samadi ya popo, keshokutwa dalali anauza kiwanja "chenye pango la kihistoria". Ni kweli. Wapima mapango wa Ulaya nao hufunga baadhi ya milango kwa geti na ufunguo hukaa na klabu. Sisi tuamue tangu mwanzo kwamba mahali pango lilipo hapachapishwi, umbo lake ndilo linaloweza kuonyeshwa. Tuanze na mapango ambayo tayari yanatembelewa na kila mtu, ambayo siri yake ilikwisha zamani.

Vijana wapo. Hesabu ya kugeuza umbali na mwinamo kuwa ramani ni ile ile ya pembetatu wanayofundishwa sekondari na kulalamika kwamba haina kazi. Wageni wenye ujuzi wakitaka kuja kutufundisha, mgeni njoo, mwenyeji apone, ila daftari libaki hapa. Mapango ya nchi hii yamepimwa na wageni na wakazi wa Nairobi tangu zamani, na sisi tunaoishi juu yake hatujawahi kuona karatasi. Kila ramani iwe na nakala tatu: moja ya wazee wa mahali, moja ya makumbusho, moja ya ofisi ya kaunti inayotoa vibali. Ya ofisini nadhani ndiyo itakayopotea kwanza, kwa hiyo ya wazee ipigwe laminesheni.