i7 ya zamani, i5 ya sasa: uliza wati kwanza

Swali hili halichoki kurudi: nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel, Core i7-7700K, nikihamia kwenye laptopu mpya yenye Core i5-1235U nitakuwa nimepanda au nimeshuka? Kuna wanaoona "i7" na "ya mezani" wakakuambia tulia na yako. Wengine wanatazama mwaka tu, 2017 kwa 2022, wakakuambia hilo dude la mezani lipeleke stoo. Mimi nasema wote wamesoma lebo wakaishia hapo, na lebo ya prosesa siku hizi inaficha mengi kuliko inavyosema.

Tuanze na gigahezi, maana ndizo zinazodanganya watu wengi. Ile i7 inafika 4.5, hii i5 inafika 4.4. Ukiishia hapo utasema ni sare. Lakini gigahezi zinahesabu mapigo ya saa ya prosesa. Kila pigo limefanya kazi kiasi gani, hazisemi. Kiini (core) ni sehemu ya prosesa inayotekeleza kazi yenyewe. Kiini cha 7700K kinaweza kushikilia maagizo 224 kwa wakati mmoja, kikichagua yapi yako tayari kutekelezwa na yapi yasubiri data kutoka kwenye RAM. Kiini kikubwa cha i5-1235U kinashikilia 512. Kinapokwama kwenye agizo moja, kina mengine mengi ya kushughulikia badala ya kukaa bure. Ndiyo maana kwenye kazi inayotegemea kiini kimoja, kama kufungua ukurasa mzito wa wavuti au kukokotoa jedwali kubwa, laptopu inaiacha ile ya mezani kwa theluthi moja hivi au zaidi, mapigo yakiwa karibu yaleyale.

Kuhusu idadi ya viini sitapoteza muda. Vinne kwa kumi, lakini katika hivyo kumi viwili tu ndivyo vikubwa; vinane ni vidogo, vya kubania umeme. Anayekuuzia kwa kutaja "viini kumi" bila kukwambia hilo anakuchezea.

Sasa wati, yaani umeme ambao prosesa inaula. 7700K imepimwa kwa wati 91. i5-1235U imepimwa kwa 15. Hapo ndipo penye hadithi yenyewe, na hapo pia ndipo penye ujanja. Karatasi ya Intel inaipa i5 hiyo namba mbili: 15 za kawaida, na 55 za kilele. Unapoanza kazi nzito inaruhusiwa kupanda kuelekea kilele kwa muda mfupi, kwa kawaida nusu dakika hivi, kisha inashushwa. Hili si kasoro, ndivyo ilivyoundwa. Kazi nyingi za kila siku huisha kabla ya hiyo nusu dakika, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida haoni kitu zaidi ya kompyuta nyepesi.

Geuza video ya saa nzima kutoka muundo mmoja kwenda mwingine ndipo utayaona. Fungua programu inayoonyesha wati na mapigo, kisha uitazame. Mwanzoni kila kitu kiko juu, asilimia ya kazi inakimbia, unaanza kuisema vibaya kompyuta yako ya mezani. Baada ya muda mfupi mstari wa wati unaporomoka kama umekatwa kwa kisu, mapigo yanashuka, na feni inatulia kwenye mlio mmoja mwembamba hadi mwisho wa kazi. Ile ya mezani haina maigizo hayo. Ikiwa na kipoza joto cha maana, inakupa dakika ya hamsini kilekile ilichokupa dakika ya kwanza. Mwisho wa yote, kwenye kazi ndefu ya viini vyote, hizi mbili hukaribiana. Sema laptopu inafikia hapo kwa umeme ambao ni karibu moja ya sita ya mwenzake. Mimi hilo linanivutia kuliko ushindi wowote wa sekunde.

Na wala si mara ya kwanza laptopu kuifundisha adabu kompyuta ya mezani. Mwaka 2004 Intel ilikuwa imeng'ang'ania kupandisha mapigo ya Pentium 4, prosesa yake ya mezani ya wakati huo. Ilifika gigahezi 3.8 kwa wati 115, na mwaka huohuo ikafuta mpango wa kutoa ya gigahezi 4. Wakati huo tayari ilikuwa na Pentium M, prosesa ya laptopu iliyobuniwa na wahandisi wake wa Haifa, Israeli, na kutoka mwaka 2003. Ilipiga gigahezi 1.6 hivi kwa wati zisizofika 25, na katika kazi nyingi ikawa inaziumbua Pentium 4 zenye mapigo mengi zaidi. Mwaka 2006 Intel iliachana na njia ya Pentium 4, ikajenga Core 2 juu ya mawazo ya ukoo ule wa laptopu. Kwa hiyo hata 7700K, tunayoiita ya mezani kwa fahari, nasaba yake inaanzia mapajani.

Halafu Intel ikalala. Kuanzia 2600K ya mwaka 2011 hadi 7700K ya Januari 2017, i7 za kawaida za mezani zilibaki na viini vinne vilevile. Mshindani wake AMD alipoleta Ryzen 7 yenye viini vinane Machi 2017, Intel ilitoa 8700K yenye viini sita kabla mwaka haujaisha. Aliyenunua 7700K mwanzoni mwa mwaka huo ana haki ya kununa mpaka leo.

Ana jingine la kununia. Windows 11 inaanzia, ukiondoa vighairi vichache, kizazi cha nane cha Intel, na 7700K ni ya kizazi cha saba. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa yenyewe haijafa. Weka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, uone. Pia haina sakiti ya kufungua video za AV1, muundo wa kisasa wa kubana video, kwa hiyo viini ndivyo vinavyobeba mzigo huo, wakati laptopu inazicheza bila kutoka jasho.

Hata hivyo ningekuwa na 7700K yenye kadi nzuri ya michoro nisingeiuza ili ninunue laptopu ya wati 15. Kwa michezo, kadi ile ndiyo inayoamua, na laptopu hizi nyingi hazina kabisa kadi ya michoro ya kujitegemea. RAM ikipungua unachomeka nyingine, wakati kwenye laptopu nyingi nyembamba imeshachomelewa kwenye ubao. Lakini kama kazi yako ni kuandika, kuvinjari na mikutano ya video, sioni sababu ya kulipia umeme wa dude la mezani.

Ila ukienda kununua, jina "i5-1235U" lisikutoshe. Mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua ipewe wati ngapi kwenye kazi ndefu, kulingana na feni na mabomba ya shaba aliyoweka. Laptopu mbili zenye prosesa ileile, moja nyembamba na nyingine nene kidogo, zinaweza kupishana kwenye kazi ya saa nzima utadhani ni prosesa mbili tofauti. Kwenye boksi wameandika RAM, diski, ukubwa wa kioo, hadi uzito kwa gramu. Wati za dakika ya ishirini inabidi ukazisake kwenye majaribio ya watu waliokwisha kuinunua.