Matanga Yasiyoanuliwa

Mtu akifariki, Kiswahili kina neno la kumtangulizia: marehemu. Akiwa hai, tunasema yupo, anapenda hiki, hataki kile. Sasa mtoto ambaye baba yake alichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, asionekane tena kituoni, mahakamani wala mochari, amtaje vipi? Akisema "baba alikuwa", anajiona amemzika kwa mikono yake mwenyewe. Akisema "baba yupo", wanaomsikiliza wanainamisha macho. Wengi wameishi hivyo uhamishoni miaka ishirini, thelathini, huku wakichagua vitenzi kwa woga.

Nianze na jambo ambalo naona husahaulika: hali hiyo ilipangwa. Tarehe 7 Desemba 1941 utawala wa Hitler ulitoa amri iliyojulikana kama "Usiku na Ukungu". Watu waliopinga jeshi la Ujerumani katika nchi lilizozivamia walisafirishwa kwa siri, na ndugu zao wakanyimwa habari yoyote. Jemadari Wilhelm Keitel, aliyeitia saini, alieleza bila kificho kwamba hofu ya kudumu hupatikana kwa kuua, au kwa kuhakikisha jamaa na majirani hawajui mtu wao kapatwa na nini. Waliokusudiwa walikuwa wale waliobaki nyumbani. Mwaka 1979 mtawala wa kijeshi wa Argentina, Jorge Videla, aliulizwa na mwandishi wa habari juu ya waliotoweshwa. Akajibu kuwa mtu wa aina hiyo hayuko hai wala hajafa, ametoweka tu. Alisema hivyo mbele ya kamera, kana kwamba anaeleza hali ya hewa.

Ndiyo maana nakereka kila ninaposikia mtu aliyerudi kumtafuta mzazi wake akiambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, agange yajayo. Kwake yeye hayajapita. Hata sheria inalitambua hilo: mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wanaotoweshwa, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2010, unalichukulia kosa hili kuwa linaloendelea. Maadamu mtu hajulikani aliko, kosa bado linatendeka, leo hii, wakati sisi tunashauriana kuhusu kusahau. Mkataba huohuo unawahesabu ndugu kuwa waathiriwa wenye haki ya kujua ukweli, na unaitaka nchi yenyewe imtafute aliyepotea na, kama amekufa, irudishe mabaki yake kwa heshima.

Nchi yenyewe. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote.

Tazama mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Utawala unaanguka, mipaka inafunguka, mwana anapanda ndege na picha mfukoni. Katika picha baba ana miaka thelathini na mitano. Mwana sasa ana hamsini. Anafika kwenye jengo alilosikia linatajwa utotoni kwa kunong'ona, anakuta limepakwa rangi mpya. Anauliza askari wastaafu, madereva, wachimba makaburi. Mmoja anasema alimwona mwaka fulani, mwingine anasema hapana, yule alikuwa mtu mwingine. Wapo wanaomuuzia habari: huko Syria familia nyingi zililipa madalali fedha nyingi ili kujua tu kama mtu wao bado anapumua, na mara nyingi zilinunua uongo. Juu ya hayo yote, waliobaki humtupia neno lenye mwiba: wewe ulikuwa ughaibuni, sisi tulikuwa hapa. Neno hilo naliona la ukatili, ingawa naelewa linakotoka. Uhamisho ulimwokoa, na papo hapo ukamnyima hata nafasi ya kusimama kwenye lango la gereza kuuliza.

Mfano unaonitia nguvu ni wa mwalimu wa Paraguay, Martín Almada. Alikamatwa mwaka 1974 chini ya utawala wa Alfredo Stroessner, akateswa, na mke wake Celestina Pérez akafariki mwaka huohuo baada ya kulazimishwa kusikiliza, kwa njia ya simu, mumewe akiteswa. Almada alifunguliwa mwaka 1977, akaenda Panama, kisha Ufaransa. Aliporudi baada ya Stroessner kuondolewa, alitumia kifungu cha katiba mpya ya 1992 kinachompa raia haki ya kuona kumbukumbu zinazomhusu. Polisi wakadai hawana kitu. Hakuchoka. Tarehe 22 Desemba 1992 yeye pamoja na hakimu waliingia katika kituo cha polisi cha Lambaré, nje kidogo ya Asunción, wakakuta marundo ya faili: majina, picha, maungamo, barua baina ya tawala za kijeshi za Amerika Kusini zilizokuwa zikikabidhiana wapinzani. Watesaji huandika. Hupokea wafungwa kwa orodha, hutoa risiti, hupiga mihuri.

Kwa hiyo siku utawala unapoanguka, kitu cha kwanza kulindwa kiwe karatasi. Tarehe 8 Desemba 2024 milango ya gereza la Saydnaya, huko Syria, ilipofunguliwa, maelfu walikimbilia huko, wakapekua, wakakanyaga madaftari, wengine wakaondoka na kurasa. Siwalaumu hata chembe. Nani angetulia akijua jina la mama yake huenda liko kwenye ukurasa ule? Ila kila ukurasa uliochukuliwa ulikuwa pia wa mtoto wa mtu mwingine aliyekuwa bado njiani kurudi. Walinzi wangewekwa mlangoni saa ileile, na mtu wa kuwasomea watu majina.

Kingine ni damu. Mtoto hubeba nusu ya vinasaba vya mzazi wake, na huko Bosnia, ambako wauaji walifukua makaburi ya halaiki kwa matingatinga na kuyahamisha ili kuficha ushahidi, mifupa ya mtu mmoja ilipatikana katika mashimo tofauti na kuunganishwa kwa vipimo hivyo. Lakini watoto wa waliopotea wametawanyika duniani kote. Ubalozi unaoweza kuchukua alama za vidole kwa ajili ya pasipoti unaweza kuandaa pia kuchukua tone la damu. Sioni udhuru.

Na kabla mifupa haijapatikana, mtu asilazimishwe kumtangaza baba yake amekufa ili apate haki ya mirathi. Argentina mwaka 1994 ilipitisha sheria iliyoweka hadhi ya pekee, asiyekuwepo kwa sababu ya kutoweshwa, ili familia zishughulikie nyaraka zao bila kusema uongo. Linganisha na Syria mwaka 2018, ambapo watu walikwenda ofisi ya uandikishaji kwa shughuli nyingine kabisa wakakuta mtu wao ameandikwa marehemu, bila mwili, bila kaburi.

Azucena Villaflor alikuwa miongoni mwa akina mama kumi na wanne waliokusanyika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, tarehe 30 Aprili 1977, akimtafuta mwanawe Néstor. Desemba mwaka huo naye akatekwa, akatupwa baharini kutoka kwenye ndege. Maji yalimrudisha pwani, akazikwa bila jina. Mwaka 2005 wataalamu wa mifupa walimtambua, na watoto wake waliobaki wakachagua majivu yake yafukiwe palepale uwanjani alipokuwa akizunguka. Néstor alikuwa bado hajapatikana.