Grinda ya Fundi Si Mali Ndogo

Fundi wa kuchomelea mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, alifika asubuhi moja akakuta kufuli la banda lake limekatwa. Grinda mbili, drili na mashine ya kuchomelea pamoja na nyaya zake vilikuwa vimeondoka. Ukijumlisha bei, ni kama laki saba. Alikwenda kituoni, akaandikisha maelezo, akapewa namba ya RB, yaani ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, na kuambiwa akipata fununu ya mtuhumiwa arudi. Hakuna askari aliyekuja kulitazama lile kufuli. Siku ya nne nilimkuta kwenye benchi nje ya banda tupu. Vijana wake wawili walishaondoka kutafuta deiwaka, vibarua vya siku, kwingine.

Maelezo ya upande wa polisi nimeyasikia mara nyingi, na si ya kupuuzwa. Usiku mmoja kituo kinaweza kupokea ajali ya bodaboda, mwanamke aliyepigwa na mtoto aliyepotea. Gari ni moja, mafuta ni ya kuhesabu. Mpelelezi mwenye jalada la damu na jalada la grinda mezani ataanza na la damu, na hakuna mwenye akili timamu atakayemlaumu.

Wana hoja nyingine nzito zaidi ambayo sisi tunaolalamika huwa hatuitaji. Ukikamatwa na mali iliyoibwa karibuni, sheria inaruhusu uhesabiwe kuwa ndiwe mwizi, lakini kwa masharti. Katika rufani ya Joseph Mkumbwa na mwenzake, namba 94 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani iliyataja: mali ikutwe kwa mtuhumiwa, ithibitike bila wasiwasi kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa kwake karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Sharti la pili ndipo mafundi wengi wanapokwama. Grinda za aina moja pale Kariakoo zimefanana kama mayai. Fundi akiulizwa alama ya grinda yake atasema anaijua kwa mkono, na atakuwa anasema kweli, kwa kuwa mtu aliyeshika kitu miaka mitano hukijua hata gizani. Lakini wakili wa utetezi atauliza mkwaruzo uko upande gani, namba ya mashine ni ngapi, risiti iko wapi. Kesi itaanguka, na askari aliyetumia wiki mbili juu yake atabaki mikono mitupu.

Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni lile neno linalotangulia hoja zote hizi, kwamba hii ni mali ndogo.

Tufanye hesabu. Siku ya kawaida fundi huyu hubaki na elfu thelathini baada ya kuwalipa vijana. Alikaa siku kumi na nane za kazi bila vifaa, yaani laki tano na elfu arobaini, na jalada halina mstari wa kuandika fedha hizo. Kisha kuna advansi. Alikuwa ameshapokea nusu ya malipo ya geti na fedha ameshazinunulia vyuma. Mwenye geti alingoja wiki moja, ya pili akaanza kusema atakwenda polisi kumshtaki kwa utapeli. Tazama mambo yanavyogeuka: aliyeibiwa anakaribia kurudi kituoni kama mtuhumiwa, na mwenye geti ana jina na namba ya simu ya kuwapa askari, kwa hiyo lalamiko lake lina pa kuanzia, la fundi halina. Ongeza ada ya mtoto na rejesho la mkopo wa kila wiki. Jioni moja aliniambia kwamba mwizi angemchukulia televisheni, friji na kitanda asingeumia hivi, maana hivyo angevinunua tena kwa grinda.

Wala si hisia za fundi peke yake. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, katika mali ambazo dalali wa mahakama haruhusiwi kukamata kwa deni, inataja nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, na vifaa vya kazi vya fundi. Mdai aliyeshinda kesi kwa haki yake yote, mwenye hukumu ya hakimu mkononi, bado anaambiwa vile vifaa usiguse. Mtunga sheria alikwisha kuona kwamba ukimnyang'anya mtu randa yake umemwondolea na njia ya kulipa. Sasa kama mahakama yenyewe haiwezi kuvichukua, inakuwaje vikichukuliwa usiku na mtu mwenye mkasi wa kukatia kufuli, kituo kivipange pamoja na simu iliyodondoka kwenye daladala?

Nadhani kosa liko pale tunapoanzia, tunapomfikiria mwizi peke yake. Mwizi haibi grinda ili akachomelee. Anaiba kwa sababu kabla ya saa nne asubuhi kuna mtu atakayeinunua kwa elfu ishirini bila kuuliza. Kanuni ya Adhabu inaweka hadi miaka saba kwa wizi wa kawaida, na inamwadhibu pia anayepokea mali huku akijua ni ya wizi. Sheria haimwachi mpokeaji. Mpokeaji hahitaji kufukuzwa kwa gari. Ana meza, ana kibanda, yupo palepale kila siku. Askari kata anaweza kumfikia kwa miguu akamwambia aweke daftari: nani kauza, kitambulisho gani, mashine ina namba gani.

Serikali zinajua kubana soko zikitaka. Januari 2022, Kenya ilipohujumiwa nguzo za umeme mkubwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye kwa masharti mapya ya leseni. Iliwaumiza wengi wasio na hatia, na nisingependa mafundi walindwe kwa nyundo kubwa kiasi kile. Lakini ilionyesha kwamba mamlaka zinaelewa vizuri mali ya wizi hupitia wapi.

Kuna jambo la kutisha zaidi hapa. Vijana wa mtaani walipoona hakuna aliyekuja, walianza kutaja majina ya watu wanaowashuku, wakisema wakimkamata hawatampeleka popote. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huripoti mwaka baada ya mwaka watu wanaouawa na wananchi wenye hasira, na baadhi yao hawakuiba chochote. Askari mmoja kufika kwa nusu saa, hata bila kupata kitu, angeipoza ile hasira.

Fundi amepata grinda nyingine, kwa mkopo. Ameichonga herufi mbili za jina la mwanawe chini ya mpini, na namba yake ya mashine ameniomba niiandike kwenye simu yangu, isibaki kwake peke yake.