Mtoto wa mchungaji na jicho la usharika

Katika sharika za Kilutheri na za Kimoraviani, kuanzia Rungwe hadi Njombe na Iringa, kijana akionekana kwenye kilabu cha ulanzi watu huuliza kwanza ni mtoto wa nani, na akiwa wa mchungaji, jibu hilo pekee hugeuka kuwa shtaka.

Wanaodai kwamba watoto wa watumishi huharibika kuliko wengine hawakosi hoja. Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, walijitwalia nyama za dhabihu kwa nguvu, na Eli akahukumiwa kwa kuwa alijua na hakuwazuia. Utumishi wenyewe pia una majeraha yake. Mchungaji mwenye mitaa kadhaa ya usharika huondoka alfajiri kwa pikipiki kwenda msibani, na jioni huwakuta wazee wa kanisa sebuleni wakimngoja. Mtoto anayepeleka chai kwenye sinia humsikia mzee aliyeomba kwa machozi Jumapili akigombana kwa sauti kali juu ya fedha za mavuno, na hakuna anayeketi naye baadaye kumweleza mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Kisha huja barua ya uhamisho, naye aliyekwisha kupata marafiki huanza upya.

Upande wa pili nao una ushahidi. Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, aliyezaliwa mwaka 1924 katika misheni ya Lubwa, ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma, alikuwa mtoto wa Mchungaji David Kaunda. Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alikuwa mtoto na mjukuu wa wachungaji. Hata hivyo Friedrich Nietzsche, mpinzani mkali wa Ukristo, naye alizaliwa katika nyumba ya mchungaji wa Kilutheri, kwa hiyo majina makubwa hayamalizi ubishi.

Kinachonizuia kukubaliana na lawama za jumla ni nyumba ile ile ya Eli, kwa maana humo ndimo alimolelewa Samweli, ambaye wanawe mwenyewe baadaye walipokea rushwa. Isitoshe, mtoto wa mkulima akilewa, habari huishia kitongojini. Wa mchungaji akilewa, hufika hadi ofisi ya dayosisi. Tunawakumbuka walioanguka, na walimu wa shule ya Jumapili waliotoka katika nyumba hizo hizo hatuwahesabu.

Naona tatizo kubwa liko katika jicho hilo la usharika. Mtoto anayeambiwa kila siku, "Usitende hivyo, watu watamsemaje baba yako?" hujifunza kumwogopa msharika kabla ya kumjua Mungu. Atahudhuria mafundisho ya kipaimara na kukariri kila kitu, wala hatathubutu kuuliza swali linalomsumbua, kwa sababu mwalimu ni baba yake na swali lake litahesabiwa kuwa uasi. Akifika chuoni, Iringa au Mbeya, ambako hakuna anayemfahamu, ndipo inapojulikana alikuwa na imani au alikuwa na adabu ya kuonekana tu. Wengi husema amebadilika. Mimi nadhani mara nyingi hapo ndipo anapoanza kuchagua. Katika makanisa ya Kipentekoste ambayo mwanzilishi hahamishwi, mzigo ni mwingine, kwani mtoto hutazamwa kama mrithi wa madhabahu hata kama hana wito.

Wapo wanaotumia waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tatu, kudai kwamba mchungaji ambaye mtoto wake amepotoka hafai kuliongoza kanisa. Andiko hilo linahusu kuisimamia nyumba yake, na kwa mtoto aliye chini ya paa lake ni haki kumwuliza baba. Lakini kumdai mchungaji ajiuzulu kwa sababu ya kijana mwenye umri wa miaka 30 anayejitegemea Dar es Salaam ni kumtwisha hukumu ambayo wazee wanaoidai hawajawahi kujitwisha wao wenyewe kwa ajili ya watoto wao.