Gunia la dagaa wa wapi?

Nilimjengea shangazi yangu wakala wa akili mnemba wa kujibu wateja kwenye simu. Shangazi hununua dagaa Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, na kuwasafirisha Dodoma na Dar es Salaam. Siku ya nne mteja akauliza bei ya gunia, wakala akamtajia bei ya kilo. Mteja hakubishana, akatuma hela ya gunia zima kwa bei hiyo. Shangazi akanipigia: "Mwanangu, huyu uliyeniletea atanifilisi."

Nikailaumu modeli, yaani ile akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala. Nikaweka nyingine, kubwa na ya ghali zaidi, kosa likabaki palepale. Usiku huo ndipo nilipofungua faili la zana ya bei, yaani kipande cha programu ambacho wakala hukiita ili kupata bei, na kusoma sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu: "Hutoa bei ya dagaa." Basi. Msimbo ulirudisha namba tupu, na namba ile ilikuwa ya kilo. Mimi nilijua hivyo kwa sababu hifadhidata niliijaza mwenyewe. Wakala angejuaje?

Naamini makosa mengi tunayoyabebesha modeli ni ya maelezo yetu. Wakala haoni msimbo wako. Kinachomfikia, pamoja na maneno ya mteja, ni jina la zana, maelezo yake, na vigezo inavyotaka, yaani nafasi za kujaza taarifa. Kwa hayo tu anaamua aite zana ipi na ajaze nini. Usichokiandika hapo, kwake hakipo. Na tangu Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP, njia ya pamoja ya kuunganisha mawakala na zana, Novemba 2024, zana uliyoiandika ukiwa Nyakato, Mwanza, inaweza kutumiwa na wakala wa mtu usiyemjua kabisa, nawe haupo pembeni kumfafanulia.

Kwetu sisi kuna mtego mwingine: saa. Nilikuwa na zana ya kuweka kikumbusho, yenye kigezo kiitwacho "saa" na maelezo "muda wa kikumbusho". Mteja akaandika, "nikumbushe kesho saa kumi nilipie mzigo." Wakala akaweka 10:00. Kwa mteja, saa kumi ni ile ya jioni, jua likianza kushuka, yaani 16:00. Kikumbusho kikaja saa nne asubuhi, akiwa hana hela mkononi. Jioni alipokuwa nazo hakuna aliyemkumbusha, na lori likaondoka bila mzigo wake. Sasa maelezo yanasomeka hivi: "Muda kwa mfumo wa saa 24, mfano 16:00. Watumiaji husema saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00. Mtumiaji asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kuita zana hii." Ni sentensi tatu. Sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu inamwambia wakala wakati wa kutoitumia zana, jambo ambalo wengi hatuliandiki kabisa.

Majina nayo yana uzito wake. Nilikuwa na "tafuta_mteja", "angalia_mteja" na "taarifa_mteja". Mimi mwenyewe baada ya mwezi sikukumbuka tofauti yake. Nikabakiza moja.

Na maelezo huzeeka. Zana yangu ya kukadiria safari za Sengerema na Geita ilisema, "ongeza muda wa kusubiri kivuko." Ilikuwa kweli nilipoiandika. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, magari yakawa yanavuka kwa dakika chache. Wakala wangu akaendelea kuwapangia watu foleni ya kivuko. Msimbo haukuwa na tatizo lolote, na hakuna jaribio la programu lililolalamika.

Najua wapo wanaosema tusubiri, modeli zinazidi kuwa na akili. Zinazidi, kweli. Lakini akili haiwezi kubuni kipimo ambacho hakijaandikwa popote. Hoja ninayoiheshimu ni ya gharama: maelezo huenda kwa modeli pamoja na mazungumzo, na kila neno ni tokeni, yaani vipande vya maandishi, zinazolipiwa. Kwa hiyo kata mapambo. Kata "zana hii yenye nguvu". Kipimo, mfano na mpaka wa matumizi usiviguse.

Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni. Nilimsomea shangazi maelezo mapya ya zana ya bei, neno kwa neno, tumekaa nje ya stoo yake magunia yakishonwa: "Hutoa bei ya leo ya dagaa wakavu kwa shilingi. Taja kipimo: kilo au gunia."

Akanyamaza kidogo. "Dagaa wa wapi? Wa mchangani au wa chanja?"

Sikuwa nimefikiria. Waliokaushwa juu ya mchanga huja na changarawe. Wa chanja ni wasafi, na bei yake ni nyingine. Akanyanyua kiganja cha wale wa mchangani, akawapepeta, mchanga ukabaki kwenye mistari ya mkono wake. "Na gunia la wapi?" akaendelea. "Gunia la Ukerewe huwa wamelishindilia. Pima kilo, usihesabu magunia."

Nimeongeza kigezo cha ukaushaji. Gunia nimeliondoa, na zana sasa inataja bei kwa kilo tu. Jumamosi ijayo nampelekea zana ya usafirishaji, nayo nitamsomea yote.