Dola 600 na kamera ya siri

Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia kule Urusi, mwalimu mmoja kutoka Migori alipoteza safari ya maisha yake. Aden Range Marwa, mwamuzi msaidizi wa Kenya, alionekana kwenye uchunguzi wa mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600 kutoka kwa mtu aliyejifanya kiongozi wa soka. Mtu yule alikuwa mwandishi wa habari, na kamera ilikuwa imefichwa. Marwa akajiondoa kwenye mashindano, na baadaye akafungiwa maisha.

Nimeirudia habari hii mara nyingi, na kila mara moyo wangu unagawanyika.

Wanaoitetea kamera ile wana hoja nzito. Rushwa ya soka haina risiti. Hutolewa chumbani hotelini au ndani ya gari, na aliyetoa na aliyepokea wote wana kila sababu ya kufunga midomo. Timu iliyodhulumiwa hubaki kulalamikia penalti, na kiongozi wake akipaza sauti ndiye anayepigwa faini. Mwandishi anayekwenda na daftari kuuliza kwa adabu atajibiwa kwamba alete ushahidi.

Mtazame Kwesi Nyantakyi. Alikuwa rais wa chama cha soka cha Ghana, makamu wa rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, na mjumbe wa Baraza la FIFA. Mwaka 2014 waandishi wa Uingereza walihusisha jina lake na mpango wa kuuza mechi za kirafiki. Alikanusha, maisha yakaendelea. Miaka minne baadaye watu wa Anas wakamrekodi akipokea dola 65,000 kutoka kwa waliojifanya wawekezaji. Akajiuzulu ndani ya siku chache, FIFA ikamfungia. Ni daftari gani lingefika huko? Kwake yeye sina kigugumizi: alikuwa na mamlaka makubwa, tuhuma zilikwishatangulia, na njia za kawaida zilikwishashindwa.

Kwa waamuzi ndipo ninaposita. Katika uchunguzi uleule wengi walifuatwa, mmoja baada ya mwingine, na pesa ikiwa tayari mfukoni mwa mwandishi. Hapo kazi inabadilika sura. Kufichua hongo iliyokuwepo ni kuripoti. Kupeleka hongo ambayo isingekuwepo bila wewe ni kumjaribu mtu, na mwenye mshahara mdogo hujaribiwa kirahisi kuliko bosi wake. Mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Accra alikwenda mbali zaidi mwaka 2023: alisema mbinu za Anas si uandishi wa uchunguzi, ni ugaidi. Neno hilo nalikataa, kwa kuwa hakuna aliyemshika refa mkono na kumlazimisha kupokea. Mwamuzi anajua kanuni kuliko mimi na wewe.

Tena waliofanya kazi ile hawakukaa salama nyuma ya kamera. Ahmed Hussein-Suale, mmoja wa timu ya Anas, picha yake ilionyeshwa kwenye televisheni na mbunge aliyehimiza apigwe. Januari 2019 alipigwa risasi na kufa ndani ya gari lake, mtaa wa Madina, Accra. Mbunge alikana kuhusika. Kila ninapotaka kuihukumu kamera ile, namkumbuka kijana huyu.

Kwa hiyo nitaikubali kamera ya siri iwapo mhariri ameshika malalamiko mahususi dhidi ya mtu mahususi kabla bahasha haijatoka, dau halipandishwi mpaka mtu alegee, na picha zote, hata zile zinazomtetea mtuhumiwa, zinafikishwa kwa kamati ya nidhamu.

Lakini nani ataibeba kamera hiyo hapa kwetu? Tunao waandishi wanaosafiri kwenye basi la timu, wanaolala hoteli iliyolipiwa na klabu, na wanaopokea "nauli" mkutano ukiisha. Hawa wakipewa kamera ya siri wataielekeza kwa refa anayechezesha mechi ya mahasimu wao. Aliyewalipia chumba hawatamgusa.