Umemsifu bibi harusi, somo umemsahau

Siku hizi barazani kwetu Unguja hakukosekani mtu aliyetoka bara akapanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Juzi ilikuwa zamu ya jirani yangu. "Sheikh, nimeweka kikombe cha chai, hakikumwagika hata tone!" Akawasifu Wakorea walioviunda vichwa vile mpaka tukachoka. Nikamwambia, umemsifu bibi harusi, somo aliyemfunda umemsahau.

Kilichokituliza kikombe kile, zaidi ya kichwa cha treni, ni njia. Treni ile imeanza kubeba abiria mwaka 2024, kwa hiyo tuta lake bado jipya, reli zimechomelewa zikawa kama kipande kimoja, na mataruma ya zege, yale yanayolazwa chini ya reli kuzibeba, yamekaa sawa juu ya kokoto. Ipelekeni treni hiyohiyo kwenye njia iliyochakaa, kisha mniletee habari za chai.

Panda daladala ya 502 hapa mjini uende Bububu. (Karibu na njia hiyo ndiko lilikopita gari moshi letu kuanzia 1905, kutoka Ngome Kongwe, maili saba hivi, likabeba abiria hadi 1922. Msituone watu wa majahazi tu.) Gurudumu likiingia shimoni, wewe wa kiti cha nyuma unarushwa mpaka kichwa kinagusa bodi. Uzito wa gari haukuongezeka hata ratili moja, lakini barabara imepigwa kama iliyoangushiwa mzigo mkubwa zaidi. Na shimo limepanuka.

Reli nayo ni hivyohivyo. Treni iliyosimama huikandamiza kwa uzito wake tu. Ikikimbia juu ya njia iliyobonyea, kila gurudumu likishuka na kutua huongeza pigo juu ya uzito ule. Pabaya zaidi ni kwenye maungio ya reli za kizamani, zile za kufungwa kwa bolti, zinazoimba ka-ta, ka-ta. Wengi tunaupenda mlio ule, nami nimo. Lakini ni mlio wa nyundo. Ncha za reli huinama kidogo kidogo, na gurudumu likifika hapo hupiga mara mbili. Pigo la kwanza ni kali, chuma kwa chuma, na limekwisha kabla hujapepesa jicho. La pili ni zito na la polepole, nalo ndilo linaloteremka hadi kwenye mataruma na kokoto. Behewa lenyewe halina makosa sana, limekaa juu ya springi. Wagongaji ni magurudumu na ekseli, ambavyo viko chini ya springi na havina cha kuvipoza.

Kokoto zikigongwa miaka na miaka husagika. Unga wake ukikutana na mvua ya masika, chini panakuwa uji, na kila treni ikipita taruma huutapisha juu. Mwisho taruma lile halikanyagi tena chini, linaning'inia kwenye reli. Mzigo wake unawaangukia majirani zake wa kushoto na kulia, nao wanaanza kuzama. Dimbwi moja la matope limeshakuwa ugonjwa wa mtaa mzima.

Ndiyo maana sikasiriki dereva akipunguza mwendo kwenye njia mbovu. Mwendo ukishuka nusu, lile pigo la ziada kwenye maungio nalo hushuka karibu nusu. Ila hiyo ni panadoli. Dawa ni watu wa kuikagua njia kila mara, mashine za kuinua reli na kushindilia kokoto, mifereji ya maji isiyoziba, na reli kubadilishwa kwa wakati. Hayo hayakatiwi utepe na hayapigiwi ngoma, kwa hiyo ndiyo ya mwanzo kunyimwa fedha. Bajeti ya treni ikisomwa, mimi husubiri fungu la matengenezo, siyo idadi ya mabehewa.

Jirani akanijibu kwamba Wazungu hawana matatizo hayo. Nikamtajia Hatfield, Uingereza, Oktoba 2000. Reli iliyojaa nyufa ilivunjika vipande zaidi ya mia tatu chini ya treni iliyokuwa ikienda kasi, watu wanne wakafa. Reli mpya ya kubadilishia ilikuwa imekwishaletwa miezi kadhaa kabla. Siku ile ilikuwa imelala palepale, kando ya njia.